Mrina Asali Niliyemtengeneza Mwenyewe

Niliujua mchezo ule kwa sababu ya zipu. Nilikuwa nimeajiriwa kuuza dawa za mifugo katika duka moja pale Makutano, Meru, na zipu ya sketi yangu ya kazini ilikuwa imekatika. Jumamosi moja alasiri, tulipofunga duka, niliipeleka kwa fundi cherehani ambaye kibanda chake kilikuwa nyuma ya jengo letu. Nilimkuta hashoni. Alikuwa ameketi kwenye meza yake ya kukatia nguo pamoja na mwanamume na mwanamke nisiowajua, na alikuwa akipiga meza kwa ngumi akisema, "Nimesema namkata! Namkata shingo!"

"Unamkata nani?" nikauliza kutoka mlangoni.

"Zimwi," akanijibu bila kugeuka. "Keti hapo kidogo, dada. Sketi nitashona."

Niliketi juu ya gunia la vipande vya vitambaa nikangojea zimwi afe. Ilichukua karibu saa nzima, na nilipotoka pale nilikuwa nimesahau sketi.

Yule mwanamume alikuwa mwalimu wa hisabati katika shule moja ya upande wa Kiirua. Mwanamke alikuwa muuguzi. Mchezo wenyewe haukuwa na ubao wala mpira, na hakuna aliyemshinda mwenzake. Mwalimu alikuwa msimulizi. Angesema, "Mmefika kwenye daraja, na ng'ambo mnaona moshi," kisha kila mchezaji aseme mtu wake anafanya nini. Mtu huyo ulikuwa umemwandika kwenye karatasi: nguvu zake, akili yake, pointi zake za uhai. Ukitaka kufanya jambo gumu, bahati iliamua. Wenye mchezo wao hutumia dadu ya pande ishirini, lakini kwetu dadu kama hiyo haikupatikana. Fundi alichukua vifungo ishirini vya makoti, akaviandika namba moja hadi ishirini kwa kalamu ya wino mzito, akavitia kwenye mfuko wa kitambaa. Ulitia mkono, ukatoa kimoja, ukasoma, ukarudisha: namba kubwa ilikufaulisha, ndogo ilikuangusha.

Sheria zote zilikuwa kwenye faili nene la mwalimu, kurasa za fotokopi alizopewa na binamu yake aliyesomea Nairobi. Humo kila mtu wa mchezo alikuwa na kazi. Fundi alikuwa askari wa upanga. Muuguzi alikuwa mchawi wa moto. Siku moja nilimuuliza kwa nini hakuchagua mganga, kwa kuwa ndiyo kazi yake, akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kipuuzi. "Wiki nzima natibu watu," akasema. "Hapa nimekuja kuchoma."

Niliporudi Jumamosi iliyofuata nilipewa mwizi, kwa sababu ndiye ambaye hawakuwa naye. Nilifungua makufuli na kutembea kwa kunyata miezi kadhaa, na nilifurahi. Lakini kadiri nilivyolisoma lile faili ndivyo nilivyoona kwamba hakuna mtu ndani yake niliyemfahamu. Mimi ni mzaliwa wa Mbeere, upande wa chini wa Embu kulikokauka, kwenye ndengu na mbuzi na miti ya miiba. Baba yangu alikuwa mrina asali hadi alipofariki. Nilitaka mtu mmoja kwenye meza ile anayejua kupanda mgunga akiwa na mkebe wa moshi mkononi, ashuke na asali na uso wake mzima.

Nilipomwambia mwalimu, alicheka. "Mrina asali si kazi ya vita."

"Mwalimu, umewahi kufukuzwa na nyuki?"

Fundi na muuguzi walicheka zaidi yake. Mwalimu alikuna kidevu. "Sawa. Andika. Lakini nakwambia mapema, hizi kazi za kwenye faili zilipimwa na watu waliokaa chini wakazipima. Hizi za kujitengenezea nyumbani huwa zinaharibu mchezo."

Niliandika wiki nzima kwenye daftari la mistari. Mrina asali wangu alibeba mzinga mdogo mgongoni. Akiufungua, nyuki walitoka na kumuuma kila adui aliyeko mbele yake, wote kwa mara moja, na kila raundi waliendelea kuuma. Nilimpa pia uwezo wa kujitibu kwa asali. Niliona ni haki tu. Asali ni dawa.

Jumamosi hiyo tulikutana na mazimwi tisa kwenye bonde. Mwalimu alikuwa amewaandaa kwa ajili ya alasiri yote. Nilifungua mzinga. Raundi ya kwanza wanne walikufa, raundi ya pili watano waliobaki. Niliruka kwenye kiti nikapiga makofi. Nilipogeuka kuona wenzangu, muuguzi alikuwa akiangalia kucha zake. Fundi alikuwa ameinuka. Alivaa futi yake ya kupimia shingoni, akaenda kwenye cherehani, akaanza kushona pindo la sare ya shule.

"Mbona umetoka?" nikamuuliza.

"Nimetoka wapi? Mimi sikuwa nimeingia," akasema huku akikanyaga cherehani. "Upanga wangu haujatoka hata kwenye ala. Kama nyuki watamaliza wote, mimi nimalize hizi sare."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonichoma. Nilikuwa nimeshinda vita vyote peke yangu, na ushindi wenyewe ulikuwa kama chai isiyo na majani.

Mwalimu alichukua daftari langu akaenda nalo. Jumamosi iliyofuata alinirudishia likiwa limejaa wino mwekundu kama mtihani wa mtu aliyefeli. Nyuki sasa waliuma adui mmoja tu, pointi moja tu. Asali ilitibu mara moja kwa siku. Tukacheza hivyo. Mrina asali wangu alifungua mzinga, zimwi akajikuna shavu, kisha akaniangusha kwa rungu. Nilizimia mara tatu alasiri ile. Askari alilazimika kunibeba begani kama gunia la viazi.

"Sasa amekuwa bure kabisa," nikamwambia mwalimu.

"Sasa hasumbui mtu."

"Hasumbui kwa sababu hayupo! Heri ungesema nisimlete."

"Nilisema," akajibu mwalimu taratibu, akifunga faili lake. "Nilikwambia kuna watu waliopima."

"Basi na mimi nitapima."

Nilitoka bila kuaga. Nilipofika chumbani nililia kidogo, na nilijionea aibu kulia kwa sababu ya nyuki wa karatasi.

Mwezi ule nilikuwa na siku chache za likizo, nikaenda nyumbani Mbeere. Dada yangu mkubwa ndiye aliyerithi mizinga ya Baba. Wazee wa pale hawakupenda, maana kazi ile ilikuwa ya wanaume, lakini yeye alinunua ovaroli nyeupe na kofia ya wavu, akaendelea kurina huku wao wakiendelea kutopenda. Jua lilipoanza kulegea alinivalisha ovaroli ya akiba, tukaenda kwenye mzinga ulioko karibu na njia ya mbuzi.

Yeye ndiye aliyepuliza moshi. Mimi nilishika ndoo. Mambo yalikwenda sawa mpaka alipoinua kifuniko na mkebe wa moshi ukazimika. Alitikisa, akapuliza, hakuna kitu. Nyuki walitoka kwa mngurumo ambao nilikuwa nimeusahau. Hawakujali nani ni nani. Walimvamia dada yangu aliyewatunza miaka yote, wakanivamia mimi, wakashuka njiani ambako mbuzi wa jirani walikuwa wakirudi nyumbani. Mbuzi waliruka kama mahindi ya kukaangwa. Mchungaji wao alitupa fimbo akapotea. Mama mmoja aliyekuwa akiota jua nje ya nyumba yake alibeba kiti chake akaingia ndani na kufunga mlango. Tulikimbia hadi kwenye zizi letu, tukalala kifudifudi, na dada yangu akacheka hadi akakohoa.

Nilikuwa na miiba minne kwenye kifundo cha mkono, pale glavu zinapoishia. Alipokuwa akinitoa miiba kwa ukucha nilimweleza habari za mchezo, za mazimwi tisa na za wino mwekundu. Alisikiliza yote kwa makini, kama ninavyomsikiliza mkulima akinieleza ugonjwa wa ng'ombe.

"Uliona mbuzi wangapi wamekufa pale njiani?" akaniuliza.

"Hakuna."

"Na wangapi wamebaki njiani?"

"Hakuna hata mmoja."

"Sasa hao nyuki wako wa kuua mazimwi umewatoa wapi? Wangu hawajui kazi hiyo. Wangu wanahamisha watu tu."

Nilimwachia mkono wangu uliovimba amalize kutoa miiba. Kisha nilimwomba kalamu. Hakuwa nayo, nikaenda kwa watoto wake nikachukua penseli ya shule, na nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita nikaandika upya kila kitu. Nyuki hawaui. Nyuki wanamwondoa adui mahali aliposimama: anaacha mlango, anaacha daraja, anaacha kumzunguka mwenzako. Kumpiga ni kazi ya askari na mchawi. Tena nyuki hawachagui. Wenzako pia watakimbia, isipokuwa umewafukizia moshi kwanza. Na moshi una kikomo.

Niliporudi Makutano nilikwenda kwa fundi kuazima mfuko wa vifungo. Alinipa bila kuniuliza, ila alisema, "Usinipotezee kumi na saba. Hicho ni cha koti la mteja."

Nilianza kupima dukani, saa ya chakula cha mchana, wakati wateja ni wachache. Nilipanga vifuniko vya chupa za dawa juu ya kaunta: vyekundu mazimwi, vyeupe sisi. Nilipigana vita vile vile nikiwa na mwizi, kisha nikavirudia nikiwa na mrina asali, nikaandika nani amebaki hai na kwa raundi ngapi. Moshi wa mara nne ulikuwa mwingi, hakukuwa na hofu yoyote. Wa mara mbili ulikuwa mchache, tuliumwa sisi kuliko adui. Wa mara tatu ulinifanya nifikirie kila mara kabla ya kuutumia. Hapo nilijua ninakaribia.

Siku ya tatu nilikamatwa. Mama mmoja wa kanisa letu, mfugaji wa kuku, mwanamke mzito mwenye sauti ya kuongoza maombi, aliingia kununua dawa ya kuhara kwa vifaranga. Alinikuta nimetia mkono kwenye mfuko nikisema, "Kumi na nne tafadhali, kumi na nne."

"Msichana wangu," akasema. "Hiyo ni kamari?"

"Hapana, Mama. Hakuna anayelipa kitu. Ni hadithi."

"Hadithi gani inaombewa namba?"

Ilibidi nimweleze. Nilidhani ataondoka akitikisa kichwa, lakini aliweka kikapu chake chini, akaegemea kaunta akauliza hawa wekundu ni akina nani. Nikamwambia ni mazimwi. "Basi nipe hao," akasema. "Huwezi kujipiga mwenyewe ukasema umeshinda."

Kumbe nilichohitaji ni huyo. Alicheza mazimwi kwa ukali ambao mwalimu hakuwahi kuwa nao. Alirudi kesho yake bila shida yoyote ya kuku. Na alipokuja mara ya tatu aliniomba acheze upande wa mrina asali. Nilipompa, hakusita hata kidogo.

"Napanda juu ya mti."

"Halafu?"

"Halafu nakaa. Nyuki wafanye kazi, mimi niko juu. Nani atanifikia?"

Tulicheza. Hakuna aliyemfikia. Alikaa juu ya mti wake raundi zote akila asali yake, huku vifuniko vyekundu vikikimbia huku na huko, na hatimaye akaniuliza kwa upole kama anaweza kushuka sasa. Nilikuwa nimefanya vita zaidi ya ishirini na sikuwa nimeliona tundu hilo.

Jioni ile niliandika sheria mpya: nyuki hawaendi zaidi ya hatua kumi kutoka kwa mwenye mzinga, hivyo lazima amsogelee adui, na akiumizwa, kabla ya kufanya lolote lazima ajaribu kuushika mzinga usianguke. Mama wa kuku mwenyewe ndiye aliyeuliza mara ya mwisho, akiwa ameshatoka mlangoni, "Na mvua ikinyesha?" Nikaongeza na hiyo. Mvua ikinyesha nyuki hawatoki.

Nilimpelekea mwalimu daftari safi, na kurasa za majaribio nyuma yake. Nilitarajia ubishi. Alisoma akiwa amesimama, kisha akaketi, kisha akachukua penseli, sio ile kalamu nyekundu, akaanza kupiga hesabu pembeni. Baada ya muda mrefu alisema, "Hivi vita umefanya vyote?"

"Vyote. Vingine na mama wa kuku."

"Umepima kuliko mimi," akasema. "Ile siku nilikata nyuki wako bila kupima hata mara moja. Niliona tu wamenichapa, nikakata. Pole."

Jumamosi hiyo fundi hakugusa cherehani. Mazimwi walikuwa wameziba mlango wa pango, niliwafukizia wenzangu moshi, nyuki wakawatawanya adui, na fundi akaingia katikati yao na upanga wake akipiga kelele hadi muuza ndizi wa jirani, anayeleta zake kutoka Mitunguu, akaja kuchungulia. Lakini bado nilikuwa na wasiwasi. Mimi ndiye niliyekuwa nikimcheza mrina asali, na mwenye kutunga kitu hujua kukishika asijikate.

Wasiwasi huo ulikwisha Embu. Mwanafunzi wa zamani wa mwalimu alikuwa chuoni huko, na kikundi chao cha wachezaji kilitualika siku nzima kwenye ukumbi mdogo. Walikuwa na dadu halisi za pande ishirini, zinazong'aa kama peremende. Mwalimu aliombwa kusimulia meza moja. Alitandaza kazi zote mezani ili wachezaji wachague, za kwenye faili pamoja na karatasi zangu mbili za mwandiko wa mkono, na hakusema zimetoka wapi. Mimi nilisimama nyuma ya viti nikijifanya naangalia dirishani.

Msichana mmoja mwembamba mwenye miwani alisoma zote. Alirudi kwenye zangu. "Huyu," akasema. "Kwetu Siakago, kule Mbeere, tunao."

Walicheza kuanzia asubuhi. Mara mbili nilimwona akikosea kutumia moshi na nikauma ulimi nisimwambie. Kufikia saa tisa walikuwa kwenye daraja la kamba. Jitu kuu lilikuwa limesimama katikati, askari wao amezingirwa upande wa pili, na msichana yule alikuwa amebakiwa na moshi wa mara moja tu na pointi tatu za uhai. Angeweza kujifukizia yeye. Mimi ningejifukizia. Meza nzima ilimtazama.

"Moshi ni wa askari," akasema. "Mimi nitaumwa."

"Utaumwa wewe na jitu pamoja," mwalimu akamwonya. "Una pointi tatu."

"Najua. Nafungua mzinga."

Mwalimu alitupa dadu kwa ajili ya nyuki kumuuma. Mbili. Msichana alibakiwa na pointi moja, amelala kifudifudi kwenye mbao za daraja. Kisha jitu lilijaribu kusimama imara, na dadu ikasema nne. Jitu liliachilia kamba likarudi nyuma, hatua moja, mbili, hadi kwenye upanga wa askari aliyekuwa akingoja ndani ya moshi wake, hajaguswa na nyuki hata mmoja. Yule askari alitupa dadu. Ilizunguka ikasimama kwenye ishirini.

Sijawahi kusikia kelele kama zile ndani ya nyumba. Viti vilianguka. Mchawi wao alimkumbatia msichana wa miwani, askari alimpigia saluti. Mimi nilikuwa nimeshika mgongo wa kiti cha mtu nisiyemjua nikimtikisa na kiti chake. Sikuwa nimemfikiria kabisa mrina asali anayebaki nje ya moshi wake mwenyewe. Sheria zilikuwa zangu, lakini jambo lile lilikuwa la msichana yule, na sheria zilimbeba.

Kelele zilipotulia aliinua karatasi akamuuliza mwalimu, "Huyu ametoka kitabu gani? Kwenye vitabu vyetu hayuko."

Mwalimu aliinuka. Alikuwa mtu wa kusema maneno machache darasani na nje ya darasa. Alininyooshea mkono wake mzima, kama anavyoitwa mtu mbele ya paredi. "Hajatoka kitabuni. Ni kazi ya huyu dada. Na amepimwa kuliko nyingi zilizo kwenye faili langu."

Wote waligeuka. Nilisema asante, nikasema tena asante. Msichana wa miwani alitaka nakala. Kisha askari naye akataka, kisha watu wa meza ya pili ambao walikuwa wameacha mchezo wao kuja kuangalia daraja.

Nilivuka barabara hadi kwenye duka la fotokopi na karatasi zangu mbili. Kijana wa mashine aliziweka kwenye kioo, akaona michoro ya mzinga na mistari ya namba, akaniuliza kama ni mtihani wa kilimo.

"Ni mrina asali," nikamwambia. "Nitolee nakala kumi na mbili."